KIU KATIKATI YA THELUJI: Wafugaji wa kuku wa nchi za baridi wanavyopambana na maji yanayoganda

Na Mwandishi Wetu

PENYE miti hapana wajenzi, walisema wahenga. Methali hiyo yamfaa sana kuku wa Minnesota, jimbo lililo kaskazini mwa Marekani, katika mwezi wa Januari. Uani kumejaa theluji inayofika magotini, paa la banda limefunikwa na theluji, na vipande vya barafu vinaning'inia michirizini kama meno. Maji yamemzunguka kuku huyo kila upande, na bado aweza kufa kwa kiu, kwa kuwa hakuna hata tone moja linaloweza kupita kooni.

Kwa msomaji aliyezaliwa na kukulia penye joto, habari hii yaweza kuonekana kama hadithi. Hata hivyo katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, na katika nchi jirani ya Kanada, kumehamia ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi, na baadhi yao wangependa kufuga kuku wachache kama walivyozoea nyumbani. Isitoshe, miji mingi ya Marekani huwaruhusu wakazi wake kufuga kuku majike uani, majogoo wakikatazwa kwa ajili ya kelele zao. Hamu ya ufugaji huo iliongezeka mayai yalipokuwa adimu. Tangu Februari 1922 hadi leo? La, si zamani hivyo: ni tangu Februari 2022 ambapo homa ya mafua ya ndege imesababisha kuku na bata mzinga zaidi ya milioni 100 kufa au kuuawa katika mashamba ya Marekani, na Machi 2025 bei ya wastani ya dazeni moja ya mayai ilipita dola 6. Jamaa yenye kuku sita wanaotaga vizuri haikuhangaika sana na bei hiyo.

Lakini kuku hao sita hawatagi bila maji. Hapo ndipo mfugaji mgeni anaposhindwa, naye mara nyingi huwa ametumia fedha zake zote kujikinga na adui asiyekuwapo.

KUKU HAOGOPI BARIDI KAMA TUNAVYODHANI

Jambo la kwanza ambalo mfugaji mpya hulifikiria ni kumtafutia kuku joto. Hununua taa kubwa, huziba kila tundu la banda, na wengine hudiriki hata kuwashonea kuku fulana za sufi. Juhudi hizo nyingi ni za bure. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi za Sentigredi, na juu ya mwili huo amevaa vazi ambalo hakuna fundi cherehani awezaye kulishona. Chini ya manyoya ya nje kuna manyoya laini mafupi yanayoshika hewa, na hewa iliyotulia ni kinga bora ya baridi. Kuku akijikunyata usiku juu ya kichanja, akafunika vidole vyake kwa manyoya ya tumbo na kuficha kichwa chini ya bawa, aweza kustahimili baridi ya nyuzi nyingi chini ya sifuri, mradi awe mkavu na asipigwe na upepo.

Sehemu iliyo hatarini ni ile isiyo na manyoya, yaani upanga wa kichwani na zile ndevu za nyama zinazoning'inia chini ya mdomo. Damu hupita hapo karibu sana na ngozi, na baridi kali ikizipata, nyama huganda, ikawa nyeusi na kukatika. Hatari hiyo ilimfanya mtawa mmoja wa Kanada, Wilfrid Châtelain wa monasteri ya Oka katika jimbo la Quebec, aanze mwaka 1908 kuchanganya mbegu mbalimbali za kuku ili apate kuku anayefaa majira ya baridi ya huko. Baada ya miaka kumi ya kazi, mwaka 1918, alimtangaza kuku aitwaye Chantecler, mwenye upanga mdogo kama kifungo na ndevu ambazo ni shida kuziona. Mpaka leo kuku huyo hufugwa na watu wa kaskazini, naye hutaga hata katika baridi.

Hata kuku huyo wa mtawa, hata hivyo, hawezi kunywa barafu.

YAI NI MAJI

Yai lisipohesabiwa ganda lake, takriban robo tatu ya uzito wake ni maji. Kuku hana mahali pengine pa kuyapata maji hayo ila kwenye chombo chake. Kuku mmoja anayetaga hula kiasi cha gramu 110 za chakula kwa siku, na hunywa maji mara mbili ya uzito huo, yaani robo lita hivi. Wakati wa joto kali huzidisha sana.

Maji hayana kazi ya kutengeneza yai tu. Kuku hana meno. Punje za nafaka huingia kwanza katika gole, zikalainika kwa maji, ndipo zikashuka kwenda kusagwa katika firigisi. Maji yakikosekana, chakula hukaa kikavu katika gole, na kuku huacha kula ingawa chombo cha chakula kimejaa. Asiyekula hana cha kuwasha moto mwilini mwake, na baridi ile ambayo jana aliistahimili, leo inamshinda. Siku moja nzima bila maji yatosha kupunguza utagaji kwa siku nyingi zinazofuata, na kuku akikosa maji zaidi ya hapo huweza kuacha kutaga kabisa na kuanza kunyonyoka manyoya, wakati ambao anayahitaji kuliko wakati wowote mwingine.

Wako wasemao kwamba kuku atadonoa theluji. Ni kweli kwamba hudonoa, lakini na tufanye hesabu. Theluji mpya imejaa hewa, hata ndoo ya lita 20 ikiyeyushwa hutoa lita 2 tu hivi za maji. Isitoshe, kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji joto la kilokalori 80, ambalo lingetosha kuyapasha maji ya kilo hiyo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Kuku akitaka kupata robo lita yake ya maji kutoka katika theluji, hutumia kilokalori 20 kuiyeyusha, na nyingine 10 kuyafikisha maji hayo kwenye joto la mwili wake. Jumla ni 30, naye katika chakula cha siku nzima hupata kilokalori 300 hivi. Sehemu moja ya kumi ya chakula alichonunuliwa imepotea kwa kuyeyusha theluji. Hiyo ni hasara kwa kuku, na ni hasara kwa mfuko wa mwenye kuku.

CHOMBO GANI HUGANDA KWANZA

Maji huanza kuganda yapatapo sifuri ya Sentigredi, lakini kasi yake hutegemea chombo. Kile chombo kinachouzwa sana madukani, chenye kopo lililopinduliwa juu ya kisahani chenye mfereji mwembamba, ndicho kiletacho taabu mapema zaidi. Maji mengi yamo ndani ya kopo, lakini yale anayoyafikia kuku yamo katika mfereji usiozidi vidole viwili, na hayo huganda kabla ya yote. Mfugaji akichungulia anaona kopo limejaa, akaondoka kwa moyo mweupe. Kuku nao wanagonga barafu kwa midomo.

Tena, maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa sehemu 9 hivi katika kila 100. Ndiyo sababu chupa hupasuka, plastiki ngumu huchanika, na hata kopo la bati huachia kwenye maungio yake. Wafugaji wazoefu wa nchi hizo hupendelea beseni la mpira mweusi. Mpira hunyumbulika: barafu ikishika, mtu hulipindua beseni, akalikanyaga kidogo, na pande la barafu likatoka zima kama mkate katika kikaango. Beseni likiwa limebaki salama, hutiwa maji mapya.

Kina cha chombo nacho kina maana. Maji yaliyo mengi na yenye kina huchelewa kuganda kuliko maji yaleyale yaliyotandazwa katika sinia, kwa kuwa joto hutokea zaidi kwenye uso wa juu. Kwa hiyo chombo kirefu chenye mdomo usio mpana sana ni bora, mradi kuku waweze kunywa bila kutumbukiza ndevu zao majini, maana ndevu zilizolowa huganda upesi.

NJIA ZISIZOHITAJI UMEME

Habari njema kwa mtu asiye na fedha nyingi ni kwamba kuku hanywi usiku. Giza likiingia hupanda kichanjani, wala hashuki mpaka kupambazuke. Mwishoni mwa Desemba, katika mji wa Minneapolis, jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kutua kama saa 10 na nusu jioni. Hakuna haja, basi, ya kuyalinda maji kwa saa zote 24. Yanayotakiwa ni maji mazuri katika zile saa chache za mwanga.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni ya vyombo viwili. Kimoja huwa bandani, kingine huwa ndani ya nyumba kikiyeyuka. Asubuhi kuku wanapoamka, chombo cha ndani hupelekwa kikiwa na maji ya uvuguvugu. Adhuhuri hubadilishwa. Kabla ya kuku kulala hubadilishwa tena, ili kila mmoja apande kichanjani akiwa amekunywa na kushiba. Usiku chombo hutolewa na kumwagwa. Kuku sita wanahitaji lita moja na nusu tu kwa siku, mzigo ambao hata mtoto wa shule aweza kuubeba.

Baridi isipokuwa kali sana, yako mengine ya kuisaidia njia hiyo. Chombo cheusi kikiwekwa mahali penye jua na pasipo na upepo hupokea joto la mchana. Wengine huchukua tairi kuukuu la gari, wakalijaza nyasi kavu au maranda, na kulitia beseni katikati. Tairi hupata joto la jua, na nyasi huzuia joto lisitoroke upesi. Wengine huelezea mpira mdogo majini ili upepo uusukume na kuvunja utando wa barafu. Hilo husaidia baridi inapokuwa ndogo tu. Ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, mpira huo hunaswa katika barafu kama nanga.

Kuku wasinyweshwe mahali wanapolala ikiwezekana. Maji yakimwagika juu ya maranda huleta unyevu, na unyevu pamoja na baridi ndio unaokata panga za kuku. Kwa sababu hiyohiyo banda lisizibwe kila mahali: hewa yenye mvuke wa pumzi na kinyesi lazima ipate tundu la kutokea, juu ya vichwa vya kuku.

SWALI LA MWANAFUNZI WA MAGAMBA

Mfugaji aweza kuuliza: kama maji ya uvuguvugu ni mazuri, kwa nini nisiwapelekee ya moto kabisa, ili yachelewe kuganda? Swali hili lina historia ambayo Watanzania wanaweza kujivunia.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, kijana Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika mashine ya kugandisha, alitia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa yaliyotiwa baridi. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilohilo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuhutubia, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alilijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 yeye na Mpemba waliandika makala yaliyolitangaza duniani. Hadi leo wataalamu hawajaafikiana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliandika kwamba vipimo vyao havikuonyesha maji ya moto kupoa upesi zaidi, na wengine wanaendelea kulitetea jambo hilo.

Kwa mwenye kuku, mabishano hayo yana somo moja la kutenda: asiyategemee maji ya moto kuwa kinga. Joto lake hutoroka upesi katika baridi kali, na mvuke wake huishia kwenye panga za kuku na kuganda hapo. Uvuguvugu unatosha. Kinachochelewesha barafu ni wingi wa maji, kina cha chombo, na kinga inayokizunguka.

UMEME: MSAADA NA HATARI

Wenye umeme bandani wana nafasi kubwa zaidi. Huuzwa vikalio maalumu vya kuwekwa chini ya chombo cha bati, vyenye nguvu ya wati 100 hivi, ambavyo hujiwasha vyenyewe baridi inapokaribia sifuri na kujizima joto linaporudi. Kikalio cha namna hiyo kikiwaka siku nzima bila kuzima hutumia uniti 2.4 za umeme. Mafundi wa nyumbani hutengeneza chao kwa mkebe wa biskuti wenye globu ya wati 40 ndani yake. Hufanya kazi, lakini waya uliounganishwa vibaya karibu na maji ni kifo cha mtu, sembuse kuku. Anayetumia umeme na ahakikishe kuna swichi ya kukata umeme panapotokea hitilafu, na waya upitishwe mahali ambapo kuku hawawezi kuudonoa.

Taa kubwa za joto za wati 250 ni jambo la kuogopwa. Banda limejaa maranda makavu, vumbi na manyoya. Taa ikianguka, au kuku akirukia kamba yake, moto hushika kwa dakika chache, na kila majira ya baridi mabanda huteketea kwa njia hiyo, mengine pamoja na nyumba za watu zilizo karibu.

Msomaji pia ajihadhari na maarifa ya mitaani. Chumvi isitiwe katika maji ya kuku. Hata maji ya bahari huganda yafikapo nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo chumvi ya kuzuia barafu ya Januari ingekuwa nyingi kiasi cha kumwua kuku. Dawa itiwayo katika rejeta za magari ili maji yasigande ni sumu yenye ladha tamu. Isifike kabisa karibu na banda. Na kwa kuwa maji yasiyoganda huvutia ndege wa porini wenye kiu, chombo kiwekwe mahali wasipoweza kukifikia, maana hao ndio waenezao homa ya mafua iliyotajwa hapo juu.

NA HUKU KWETU JE?

Tusidhani kwamba barafu ni ya Ulaya na Marekani pekee. Wakazi wa Makete, Njombe na Mufindi wanaijua sakitu inayounguza mashamba yao kati ya Juni na Agosti, na juu katika uwanda wa Kitulo, unaopita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, maji yaliyoachwa nje usiku huweza kuamka na utando wa barafu. Utando huo huyeyuka jua likipanda, lakini saa za asubuhi ndizo ambazo kuku, akiwa amekaa usiku mzima bila kunywa, huyatafuta maji kwa hamu. Mfugaji wa huko hahitaji kikalio cha umeme. Amwage maji jioni, akiinamishe chombo, na alfajiri atie maji yaliyolala ndani ya nyumba.

Kazi hii yafaa iwe ya jamaa nzima. Baba au mama aendaye kazini mapema abadilishe maji ya asubuhi, aliyebaki nyumbani aangalie ya adhuhuri, na mtoto arudipo shuleni ayachukue ya jioni. Kila mmoja asiridhike kwa kuona chombo kimejaa. Atie kidole majini. Kidole kikigonga barafu, kuku wana kiu, hata kama hakuna anayelia.